Hesabu Saa Zote za Safari, si Zile za Ndege Tu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi jamaa mnaowangoja nyumbani,

Likizo ikikaribia kwisha, mtu aliyekwenda kuona wazazi Barumbu, pande za Kisangani, huuliza: «Ndege inachukua saa ngapi?» Swali ni zuri, lakini halitoshi.

Kutoka Kisangani hadi Lubumbashi, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1,360. Ndege inayokwenda kilometa 750 kwa saa humaliza mwendo huo kabla ya saa mbili kutimia. Lakini safari ikipitia Kinshasa, mambo hubadilika. Kisangani hadi Kinshasa ni karibu kilometa 1,225. Kinshasa hadi Lubumbashi, karibu 1,555. Jumla ni kilometa 2,780, yaani mara mbili, na saa za angani hukaribia nne. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Soma tikiti yako vizuri.

Hapo hatujahesabu njia ya kutoka Barumbu hadi kiwanja cha Bangoka, wala kungoja mizigo, wala kungoja ndege iliyochelewa. Na ukishuka Luano, kama kazi yako iko Kolwezi, bado una barabara ya kilometa 300 hivi.

Hatari iko wapi? Iko katika usingizi uliokosa. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi vibaya kama mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe katika lita moja ya damu. Sasa fanya hesabu: ukiamka saa kumi alfajiri ili kuwahi ndege, saa 17 zinatimia saa tatu usiku. Ukiingia zamu ya usiku hapo, ni kama umeingia umelewa, ingawa hukuonja hata tone. Mkono unachelewa kwenye breki, jicho halioni jiwe lililolegea juu ya kichwa. Na mwenzako aliye karibu nawe ndiye anayeweza kuumia.

Jambo la pili ni mapafu. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi, kama ya mlima wa meta 1,800 hadi 2,400. Mtu mzima haoni shida. Lakini mwenye ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi la mawe anaweza kukosa pumzi. Vilevile mwenye ugonjwa wa selimundu, mkubwa au mtoto, lazima aone daktari kabla ya kununua tikiti.

Basi, shikeni haya:

1. Rudi angalau siku moja nzima kabla ya zamu yako ya kwanza.
2. Dawa zako ziwe katika mfuko wa mkononi, zisiwe katika mizigo.
3. Kunywa maji, acha pombe, nyosha miguu mara kwa mara.
4. Ukichelewa njiani, mjulishe mkubwa wako wa kazi. Usiteremke mgodini na usingizi machoni.
5. Mama wa nyumbani, baba akifika, mwacheni alale kwanza. Habari za Barumbu zitasimuliwa kesho.

Siku moja ya kupumzika si hasara. Aliyechoka hateremki!