Kujifunza Kireno cha Kazi: Saa, Siku na Mkataba

Mkazi wa Igalula anayekwenda kufanya kazi Msumbiji atakuta mkataba ulioandikwa kwa Kireno, lugha rasmi ya nchi hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walijifunza Kiswahili njiani, mzigo ukiwa begani. Msafiri wa leo huuziwa kijitabu au mafunzo kabla ya kuondoka. Tunamshauri mlaji akague bidhaa hiyo kama anavyokagua nyingine yoyote.

Vijitabu vingi hufundisha vizuri maneno ya kujisifu. *Sou pontual*: mimi hufika kwa wakati. *Cumpro os prazos*: hukamilisha kazi katika muda uliowekwa. Haya yanafaa siku ya usaili. Linalogusa mshahara ni saa, na hapo ndipo tafsiri nyingi hukosea.

Mkataba ukisema *das sete às dezasseis horas*, neno *sete* ni saba, lakini saa yenyewe ni saa moja asubuhi. *Dezasseis* ni kumi na sita, yaani saa kumi alasiri. Kijitabu kinachotafsiri *sete horas* kuwa “saa saba” bila maelezo kitamfikisha mfanyakazi kazini mchana. Isitoshe, saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja: huko ikiwa saa moja asubuhi, Igalula ni saa mbili. Anayesafiri na saa ya mkononi airekebishe avukapo mpaka.

Siku nazo zina mtego wake. *Segunda-feira*, kwa maana ya asili siku ya pili, si Jumapili bali ni Jumatatu. *Terça* ni Jumanne, *quarta* Jumatano. Alhamisi pekee ndiyo inayopatana, kwa kuwa *quinta* ni ya tano, na jina letu la Kiarabu lina tano hiyo hiyo. Jumapili ni *domingo*. Vilevile *amanhã* ni kesho, ilhali *de manhã* ni asubuhi. Kesho asubuhi ni *amanhã de manhã*.

Katika mkataba, tafuta hasa *horas extraordinárias*, saa za ziada, na *descanso*, mapumziko. Yasipoonekana, uliza kabla ya kutia saini.

Kabla ya kulipia mafunzo, muulize mwalimu treni huitwaje. Akijibu *comboio*, anafundisha Kireno cha Ureno na Msumbiji. Akijibu *trem*, ni cha Brazili. Hicho si kibaya, na utaeleweka, ila hakifanani na kile utakachokisoma kwenye mkataba wako.

Dai risiti, na uombe idadi ya vipindi iandikwe. Tangazo linaloahidi kazi kwa kila mhitimu lihifadhi pamoja na risiti hiyo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na karatasi hizo mbili ndizo utakazohitaji kwanza ukiwasilisha malalamiko.