Uvira: Picha ya telefone inaita mteja, ukweli ndio unamrudisha

Siku hizi huko Uvira biashara nyingi zinaanza na telefone mbele ya kuanza na meza ya soko. Fundi wa kushona anapiga picha ya nguo ya kikwembe, anaiweka ku statu ya WhatsApp. Mama wa Kalundu anatumia dada yake wa Bujumbura picha ya mikeke ya asubuhi. Kijana wa Sange anatangaza mchele wake katika grupu ya Facebook. Hata mtu wa mafuta ya mawese anayetoka Fizi anatuma sauti: "Mama, mzigo umefika, nikuwekee madumu ngapi?"

Ni jambo zuri. Lakini ulizo moja linabaki. Kwa nini watu wawili wanauza kitu kimoja, katika muji mmoja, kwa telefone za bei moja, na mmoja anauza, mwingine anapata paka mioyo na vidole gumba? Wengi wanafikiri siri iko katika telefone kubwa, ao katika video zenye muziki. Sisi tunaona jambo lingine. Telefone haiuzi samaki. Inabeba jina lako na kulifikisha mbali. Kama jina ni zuri, linafika zuri. Kama ni bovu, linafika vilevile, na mbio zaidi.

Mteja wetu yuko mbali

Uvira iko kichwani mwa ziwa Tanganika, upande wa kaskazini. Bujumbura iko ng'ambo, karibu kilometa 30 kwa njia ya Kavimvira na Gatumba. Baraka iko kusini, karibu kilometa 90. Kwenda Bukavu unapanda bonde lote la Ruzizi, na ukifika Kamanyola gari nyingi zinaona heri kupitia Rwanda kuliko kupanda milima ya Ngomo. Kwa hiyo mteja wa Uvira, mara nyingi, ni mtu anayepaswa kulipa safari ili akufikie. Akifika asikute kitu, amepoteza siku na feza. Hatarudi tena, na atawaambia wengine.

Hapo ndipo telefone inaanza kuwa na faida: inamlinda mteja asifanye safari ya bure. Mwaka 2020, wakati wa Covid, mipaka ilifungwa. Biashara ya Uvira na Bujumbura, ambayo watu walizoea kuifanya asubuhi na kurudi jioni, ilisimama kwenye kizuizi. Lakini rezo ilipita. Watu wengi wa karibu ya mpaka wanatembea na laini mbili, moja ya Congo na moja ya Burundi. Aliyekuwa na namba za wateja wake aliweza kuwaambia: niko, mungoje, mpaka ukifunguliwa ninawaletea. Asiyekuwa nazo alianza upya.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji wengi wanalisahau. Hapa kwetu feza ni za aina tatu: franka za Congo, franka za Burundi na dola. Ukiandika "bei elfu tano", mtu wa Buyenzi anafahamu moja, mtu wa Kasenga anafahamu ingine. Ugomvi unaanza pale mteja anatoa makuta mfukoni. Andika bei, andika na feza ya inchi gani. Ni maneno mawili tu, na yanaokoa urafiki.

Tangazo ambalo linauza

Tuchukue mfano wa tangazo ambalo tunaliona kila siku: "Bonjour bakiliya wangu, samaki nzuri iko, bei ya urafiki, karibuni sana." Juu yake kuna picha ya samaki iliyotolewa ku intaneti, samaki ambaye pengine hajawahi kuogelea katika ziwa letu. Mteja atauliza: samaki gani? Ya lini? Wapi? Bei ngapi? Maulizo ine, majibu hakuna. Wengi hawaulizi, wanapita.

Sasa tuandike lingine: "Ndagala kavu, ya usiku wa juma pili. Imeanikwa ku mbao, hapana ku muchanga. Ziko kilo 12 tu. Niko soko ya Mulongwe mpaka saa nane." Kisha bei ya kilo, kwa franka za Congo, na picha iliyopigwa siku ileile, mkono wa muuzaji ukionekana unashika ndagala. Hapa hakuna maneno matamu. Lakini mama anayepika anajua kwamba ndagala iliyoanikwa ku muchanga inasagika na mawe katika meno. Ukimwambia ulianika ku mbao, umejibu ulizo alilokuwa nalo moyoni.

Watu wakisikia neno "ubunifu" wanafikiri ni kuchora ao kuimba. Kwa mfanyabiashara ubunifu ni kusema kile ambacho wewe unajua na wengine hawajui. Ndagala inavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina nguvu na ndagala inapunguka. Wavuvi wote wanalijua hilo, lakini mteja wa Bukavu hawezi kulifikiri. Ukimwandikia: "Wiki hii mwezi ni mkubwa, bei itapanda, mwenye harusi akomande sasa", umempa habari ambayo hakuna kampuni ya Kinshasa inaweza kumpa. Mwaka 2024, inchi zinazozunguka ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae. Wakati kama ule muuzaji mwenye akili hanyamazi. Anaeleza kwa nini samaki hakuna, anasema itarudi lini, na kwa kungoja anaonyesha mchele wa bonde la Ruzizi ao mawese ya Fizi.

Kwa lugha gani? Kifaransa ni kizuri kwa faktura ya ofisi. Lakini Kiswahili chetu kinafahamika Bukavu, Baraka, Buyenzi na mpaka Kigoma. Watanzania walituonyesha njia hiyo zamani. Ndesanjo Macha alikuwa kati ya watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, na mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianzisha yake: picha, maneno machache chini yake, kila siku. Watu walirudi kwa sababu waliona maisha yao ndani, na kwa lugha yao. Katika inchi yetu vijana wa Habari RDC nao walionyesha kwamba mtu wa jimbo anaweza kueleza mambo ya kwake bila kungoja mtu wa Kinshasa amsemee. Mwenye biashara anaweza kufanya vilevile na meza yake ya soko.

Hesabu ya mega

Mega si bure. Kati ya 2020 na 2022 tulilipa hata ile kodi ya RAM iliyokatwa ku yunite, dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G, mpaka watu walipolalamika na serikali ikaiondoa. Ongeza feza za kuchaji kwa jirani wakati Snel imekata moto. Kwa hiyo mtu lazima ahesabu.

Tuseme kwa wiki moja unatumia franka 4 000 za mega na 1 000 za kuchaji. Katika wiki ile telefone imekuletea komande 5, na kila komande imekupa faida ya franka 1 500. Ni 7 500. Toa 5 000, unabaki na 2 500. Ni kidogo, lakini ni faida. Sasa kama komande zilikuwa 3, umepata 4 500, umepoteza 500, hata kama watu 200 walipenda picha zako. Bila daftari hautajua uko upande gani. Mtaji wa mama wengi wa Uvira ni beseni moja tu. Beseni hilo linaweza kuliwa na mega polepole, na mwenyewe anafikiri anaendelea mbele.

Kuna namna ya kupunguza. Picha moja nzuri inakula mega kidogo kuliko video ndefu. Statu inakaa saa 24, basi iweke wakati wateja wako wanaangalia, si wakati wewe uko na nafasi. WhatsApp ina orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu mpaka 256 bila kufungua grupu, lakini wanaopokea ni wale tu walioandika namba yako katika telefone yao. Kwa hiyo, mteja akinunua mbele yako, mwambie kwa heshima: "Mama, andika namba yangu na jina la kazi yangu." Ile programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, nayo inakuwezesha kupanga picha na bei mahali pamoja, ili usitume picha zilezile kila mara.

Usifunge duka lote ndani ya telefone

Wengi wanasahau kwamba mlango huo hauko mikononi mwao. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima, na ilirudi karibu kisha siku 20. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani pote kwa karibu saa 6. Na telefone inaweza kuibiwa ku moto, kuanguka ndani ya maji, ao kuharibika tu.

Shauri letu ni daftari la karatasi. Andika jina la mteja, namba yake, muji wake, anapenda kununua nini, na deni kama liko. Namba ya kawaida inaweza kuitwa hata intaneti ikikatwa. Pia weka ile kode ya siri ya nyongeza ya WhatsApp, ili mtu asichukue akaunti yako na kuanza kukopa feza kwa jina lako.

Wezi, na maneno mabaya

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Congo na Vodacom mwaka 2012, na leo Airtel Money na Orange Money ziko pia. Zinasaidia sana. Lakini wezi nao wanazitumia. Mtu anakutumia mesaji ya uongo kwamba amelipa, na motari wake anangoja mzigo. Usiamini mesaji. Angalia solde yako mwenyewe, kisha toa mzigo. Mtu akikuambia "nimekosea, unirudishie", angalia solde vilevile. Na kode ya siri haipewi mtu, hata akisema ni mfanyakazi wa kampuni.

Kwa upande wa mteja, woga ni uleule: atatuma feza, mzigo hautafika. Muuzaji mpya asilazimishe kulipwa feza yote mbele. Anaweza kuomba nusu, ao kumwachia mteja alipe kisha kuona. Mzigo wa kwanza ukifika vizuri, wa pili hautakuwa na maneno mengi.

Kuna hatari ingine, na kwetu ni kubwa kuliko wizi. Katika grupu za biashara kunaingia picha za zamani, habari za vita zisizo na mwenyewe, na maneno ya chuki juu ya kabila la mwingine. Mwenye biashara anasukuma mbele bila kufikiri. Lakini wateja wake ni Wafuliru, Wavira, Wabembe, Wanyamulenge, Warundi na wengine. Aliyekufuata kwa sababu ya vikwembe anakuta umesambaza neno la kumtukana. Hatasema kitu. Ataondoka tu, na watu wake pamoja naye. Sheria pia iko: Kode ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inapunisha mwenye kusambaza habari za uongo juu ya mtu. Lakini hata bila sheria, mtaa wetu umekwisha kuumizwa vya kutosha na uvumi. Soko ni moja ya mahali ambapo watu wote wanakutana bado, na ukurasa wa biashara ni sehemu ya soko.

Telefone haitatengeneza njia ya Baraka, wala haitarudisha moto wa Snel. Hatutaki kumdanganya mtu. Lakini mwenye beseni moja, anayepiga picha ya kitu chake mwenyewe, anayeandika bei na siku, anayetuma kile alichoonyesha, na anayeandika hesabu yake kila juma mosi, anaweza kufikia beseni la pili. Wiki hii, mbele ya kununua mega, fungua daftari na andika majina ya wateja kumi walionunua kwako mara mbili. Anza kuandikia hao.