Mwenye Chapa ni Nani Barabara ya Thika?

Mapema Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa urais kurudiwa, muungano wa upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake wasusie bidhaa za kampuni tatu: Safaricom, Brookside na Bidco. Ya kwanza ni kampuni ya simu yenye makao Nairobi. Mbili zilizobaki ziko kwenye barabara ya Thika: Brookside husindika maziwa Ruiru, na Bidco hutengeneza mafuta ya kupikia na sabuni Thika. Upinzani ulizishutumu kwamba zimeegemea upande wa serikali. Kwa wiki kadhaa pakiti ya maziwa ikawa kama kadi ya chama: uliiona mezani kwa jirani ukajua, au ukadhani umejua, alimpigia nani kura. Mizaha ikazagaa mitandaoni. Kisha tarehe 9 Machi 2018 kiongozi wa upinzani Raila Odinga na Rais Uhuru Kenyatta wakapeana mikono mbele ya Harambee House, ofisi ya rais, na maziwa yakarudi kuwa maziwa. Hakuna idara ya matangazo iliyoipanga maana ile ya kisiasa, wala hakuna ambayo ingeweza kuifuta kwa mabango. Kampuni hutengeneza bidhaa na kusajili nembo, lakini maana ya nembo hiyo huamuliwa na watu wanaoinunua, kuibeba, kuifanyia mzaha na kuikataa. Na kile ambacho kampuni hujinunulia katika utamaduni wa watu kwa fedha tupu, huondoka fedha zikikatika.

Sijui mahali bora pa kuipimia hoja hii kuliko hapa, kwenye barabara ya Thika. Thika ni mji wa viwanda: mananasi ya Del Monte, mafuta ya Bidco, mkate wa Broadways, vitambaa vya Thika Cloth Mills, malori na mabasi yanayounganishwa na KVM. Ruiru, ambayo wakulima wengi waliijua kwa mbegu ya kahawa ya Ruiru 11, imefurika watu: sensa ya 2019 iliwahesabu 490,120, zaidi ya Eldoret, huku Thika ikiwa na 251,407. Barabara kuu ilipozinduliwa Novemba 2012, maduka makubwa yalifuata lami, Thika Road Mall mwaka 2013 na Garden City mwaka 2015. Kwa hiyo mtu anaweza kuajiriwa kwenye kiwanda, kununua alichokitengeneza, kupanda matatu iliyochorwa nembo za ng'ambo na kushangilia timu yenye jina la mwajiri wake, yote hayo bila kuiacha barabara moja.

Tuanze na mkebe. Kwa miongo mingi East Africa Industries, iliyokuwa chini ya Unilever, iliuza Kimbo na Cowboy katika mikebe ya bati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bidco ikayanunua majina hayo, na Kimbo ikawa ya Thika. Katika vitabu vya hesabu hilo lilikuwa jambo zito, maana mali ya kampuni ya kimataifa ilipita mikononi mwa mshindani mwenyeji. Sokoni hakuna aliyeacha kupima maharagwe ili kulitafakari. Huko mkebe ulikuwa na kazi zake zamani. Ule wa kilo mbili ulikuwa gorogoro, kipimo cha mahindi, maharagwe na viazi. Mdogo ulibeba githeri ya mtoto shuleni, ukawa kikombe cha uji, ukapandwa kitunguu dirishani, ukatunza misumari ya fundi. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inadai vipimo vilivyokaguliwa na kupigwa mhuri, lakini gorogoro haikupitia mlango huo. Wachuuzi na wateja waliiidhinisha wenyewe, wakaitungia hata ulaghai wake na kinga ya ulaghai huo: muuzaji mjanja hugonga kitako kikaingia ndani, na mnunuzi mwerevu hupapasa chini ya mkebe kabla mahindi hayajamiminwa, kisha hudai kilima juu. Leo mafuta hayo huuzwa zaidi katika mikebe na ndoo za plastiki, lakini katika masoko ya Thika na Githurai bei ya mahindi bado hutajwa kwa gorogoro.

Mtaalamu wa mauzo atasema hapa chapa imepotea, kwa kuwa muuzaji wa mahindi hajali mkebe ulikuwa wa Kimbo au wa Kasuku, mafuta ya Kapa Oil, mshindani wa Bidco. Kwa kiasi fulani ni kweli. Wananchi waliumeza mkebe na kuitema nembo. Hata hivyo hesabu ina upande wa pili: jina la Kimbo lilikaa jikoni, darasani na sokoni kila siku, hata rangi yake ilipochubuka, bila kampuni kulipa shilingi moja ya tangazo. Kama wanunuzi wa chapa hiyo walilipia chochote zaidi ya mitambo, nadhani walilipia miaka hiyo ya watu kuishi na mkebe, kazi ambayo kampuni iliyouza haikuifanya peke yake.

Ukitaka kuona kinyume chake, itazame Nakumatt, kampuni iliyokuwa na msururu wa maduka makubwa. Jina lake lilitokana na biashara ya magodoro ya Nakuru, kama vile Tuskys ilivyozaliwa Tusker Mattresses. Katika kilele chake Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, na Thika Road Mall ilikuwa moja ya kumbi zake. Kwa tabaka la kati lililokuwa likihamia Ruiru, mfuko wake wa plastiki wenye ndovu ulikuwa tangazo la mbebaji kuliko la duka: ulitumika tena na tena, hata kubebea sukuma wiki ya kibandani, ili wapangaji wenzako waone unakonunulia. Mwaka 2017 mambo mawili yaliangukiana. Rafu za Nakumatt zilibaki tupu kwa madeni, na tarehe 28 Agosti marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kazi. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Carrefour ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi yake Thika Road Mall, na wateja wale wale wakaingia kwa mlango ule ule. Fahari ya mfuko haikuwa mapenzi kwa Nakumatt. Ilikuwa hamu ya watu kuonekana wamepanda daraja, na Nakumatt ilikuwa chombo tu cha hamu hiyo.

Uwanjani ndiko hoja hii inakopimika kwa mataji na viti vitupu. Duka hilo hilo lilikuwa na timu, Nakumatt FC, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2017, mwaka ule ule duka lilipokuwa likizama. Mwaka 2018 timu ikabadilishwa jina kuwa Mount Kenya United, na msimu wa 2018/19 ulipokwisha haikuwemo tena katika ligi hiyo. Thika United, iliyofadhiliwa na Brookside kwa miaka kadhaa, ilibandikwa na waandishi wa michezo jina la wauza maziwa. Mji ulikuwa kwenye jina rasmi, mfadhili akawa kwenye jina la utani. Ilishuka daraja mwaka 2018. Mwaka 2020 Bidco United ya Thika ikapanda pamoja na Nairobi City Stars, na mji ukapata tena timu ya Ligi Kuu, safari hii ikiwa na jina la kiwanda peke yake. Nawaheshimu wachezaji wake, waliopanda kwa jasho lao. Lakini mkazi wa mtaa wa Makongeni, Thika, asiyefanya kazi Bidco ana sababu gani ya kulia timu hiyo ikifungwa? Tusker FC ya kampuni ya bia ya Ruaraka imetwaa ubingwa mara 13, wa kumi na tatu ukiwa wa 2022, na bado mashabiki wake hawafikii hata kidogo umati wa Gor Mahia au AFC Leopards, klabu za jamii zilizoanzishwa miaka ya 1960. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipokatiza ufadhili wake mwaka 2019, klabu hizo mbili zilihangaika na mishahara, wachezaji wakahama, lakini majina yao hayakubadilika na mashabiki wao walibaki.

Yupo atakayesema kwamba ninayakuza mno mamlaka ya mnunuzi. Kampuni zina fedha, zina redio, zina mabango kila daraja la waendao kwa miguu kutoka Githurai hadi Juja. Mtoto hujua wimbo wa tangazo kabla ya wimbo wa taifa. Je, chaguo la watu si chaguo walilofundishwa? Pingamizi hili lina uzito. Bila fedha hizo vitu vingi tunavyovipenda visingekuwepo. Tusker Project Fame, shindano la runinga lililoanza mwaka 2006 na kufika msimu wa sita mwaka 2013, liliwapa vijana wa Afrika Mashariki walimu wa sauti, bendi na jukwaa, na kwa mshindi wake wa kwanza, Valerie Kimani, lilifungua njia. Coke Studio Africa nayo ilikutanisha wanamuziki wa nchi ambazo redio zao hazikuwa zikicheza nyimbo za wenzao. Lakini angalia kilichosalia shindano lilipokoma. Waimbaji walibaki na watu, maana sauti zilikuwa zao na hadhira iliwapenda wao. Fedha zilifanya kazi nzuri pale zilipomlipa mtu mwenye kitu chake. Tangazo linaweza kumfundisha mtoto wimbo, ila haliwezi kumzuia kuubadilisha maneno akiwa kwenye foleni ya chakula shuleni, na kwa kawaida ni lile toleo la foleni linaloishi.

Pingamizi la pili ni la kisheria. Matatu za njia ya 145 ya Ruiru na 237 ya Thika si ajabu kuzikuta na nembo za viatu, vinywaji na klabu za Uingereza ambazo mwenye gari hakuomba ruhusa kuzitumia. Mwenye nembo akisema huo ni wizi, tumjibuje? Mimi ningetenganisha mambo mawili. Kiatu bandia kinachouzwa kwa bei ya kiatu halali humwibia mnunuzi, na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, ina haki ya kumlinda pamoja na mwenye alama. Mchoro ubavuni mwa matatu haumuuzii mtu kiatu. Unauza nauli, na abiria anajua vyema kwamba basi halikutengenezwa na Nike. Anachoshangilia ni mkono wa mchoraji: kwamba nembo iliyobuniwa mbali imepindwa, ikawekwa kando ya uso wa Tupac na jina la mtaa. Kanuni za matatu za waziri Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, ziliamuru mstari wa njano na kuipunguza michoro hiyo kwa muongo mzima, lakini Rais Kenyatta alipotamka mwishoni mwa 2014 kwamba vijana waachwe wapake rangi, haikuchukua muda magari kurudi na urembo wake. Kipaji kilikuwa hakijaenda popote. Mwenye nembo akimburuta mchoraji mahakamani ataishinda kesi na kuwapoteza vijana ambao anawalipa wengine ili wawavute.

Kwa kampuni za Thika na Ruiru, basi, nina rai moja inayotekelezeka kabla ya msimu ujao wa ligi. Kampuni inayotaka kukumbukwa na mji iache jina la mji lisimame kwenye nembo ya klabu, yake ikae kifuani mwa jezi inakokaa ya mfadhili yeyote, na mkataba uandikwe kwamba ikiondoka, uwanja wa mazoezi, timu za watoto na jina vibaki Thika. Na kalenda ya mwaka mpya, badala ya kuichapisha na picha za kununuliwa ng'ambo, impe kazi hiyo mmoja wa wachoraji wa matatu wanaopaka magari kando ya barabara hiyo hiyo, imlipe, na iweke jina lake chini ya kila mwezi.