Plau imeshika kutu? Magome ya muwati yanasaidia, ila kwa masharti

Juzi nilipita kwa mzee mmoja nikamkuta anataka kuuza mbuzi wawili anunue plau nyingine. "Bwana shamba, hii imekwisha. Udongo unaganda, ng'ombe wanachoka kabla ya saa nne." Nikaiangalia. Mzee wangu, plau haijaisha, ina kutu tu! Ilikaa stoo tangu msimu uliopita, na juu yake kuna mfuko wa mbolea uliopasuka.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Chuma kinahitaji maji na hewa ili kishike kutu, na mbolea ya chumvichumvi inavuta unyevu hata kama haijanyeshewa. Ukiiacha juu ya chuma, kutu inakwenda haraka sana.

Sasa tuje kwenye mimea. Wewe uliyewahi kumenya ndizi mbichi unajua kisu kinavyogeuka cheusi. Kwenye utomvu ule kuna kitu kinaitwa tanini, nacho kikikutana na chuma kinatengeneza weusi usioyeyuka kwenye maji. Tanini imejaa kwenye magome ya muwati, mti uleule uliopandwa kwa wingi kule Njombe ili magome yatumike kulainishia ngozi. Ukiipaka juu ya kutu nyembamba, ile kutu nyekundu inageuka kuwa utando mweusi unaoshika chuma na kupunguza maji na hewa kupenya.

Watafiti wamejaribu pia mwarobaini, hina na mimea mingine. Wanapima kipande cha chuma, wanakitumbukiza kwenye asidi iliyochanganywa na maji ya mmea, halafu wanakipima tena waone kimepungua kiasi gani. Mimea mingi inapunguza ulaji kwa sababu chembe zake zinajibandika kwenye chuma. Lakini angalia, hapo chuma kiko ndani ya maji yenye dawa muda wote. Plau yako iko stoo, pakavu. Kwa hiyo usisikie "mwarobaini unazuia kutu" ukaenda kunyunyizia majani kwenye jembe ukadhani umemaliza.

Mimi nafanya hivi. Naosha udongo na mbolea yote, nakausha, halafu nasugua kwa brashi ya waya mpaka kutu inayobanduka iishe. Usiruke hatua hii, maana ukipaka juu ya magamba, yakidondoka yanaondoka na dawa yako. Magome kama nusu kilo nayakatakata, nachemsha kwenye lita 3 za maji kwa saa moja hivi mpaka yawe ya kahawia iliyokolea, nachuja. Tumia sufuria ya alumini. Mara ya kwanza nilitumia chungu cha chuma nikapata wino! Magome chukua kwenye miti iliyokwishakatwa kwa kuni au nguzo, usichune mti uliosimama, utakufa.

Napaka kwa brashi, naacha mpaka kesho, napaka tena. Ikishakuwa nyeusi na kavu kabisa, napaka grisi. Grisi ndiyo inayofunga kazi. Mwaka juzi nilipaka majembe mawili dawa hii, moja nikaliwekea grisi, jingine nikaliacha hivihivi. Masika ilipofika lile lisilo na grisi lilikuwa limeanza wekundu pembeni.

Wengine wananiuliza kuhusu limau au ukwaju. Ni kweli vinang'oa kutu, lakini ile ni asidi, ukiloweka chuma usiku kucha inakula na chuma chenyewe. Loweka muda mfupi, suuza, kausha hapohapo.

Mabati usihangaike nayo, kinga yake ni zinki, hadithi nyingine. Na chuma kilichotoboka au kuliwa mpaka kikawa chembamba, hakuna gome litakalokirudisha, mpelekee fundi wa kuchomelea.

Yule mzee tulisugua plau yake asubuhi moja, mbuzi wakabaki zizini. Nilimwambia mapema kwamba ule weusi utafutika siku ya kwanza ya kulima, maana udongo unasugua kuliko msasa. Hiyo si hasara, ile ni kinga ya stoo. Kulima kukiisha anaosha, anapaka upya, anaitundika mbali na mbolea.