Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake ni kwamba kiumbe aliyechoka na kukaribia kuzama hupata nguvu mpya mara aonapo mahali pa kuweka miguu. Methali hiyo tunaitumia sana kumtia moyo mwanadamu mwenzetu aliye katika shida, lakini mbwa mwenyewe aliyetupatia mfano huo huwa tunamsahau. Leo ukurasa huu wa nyumbani unamrudia mbwa. Tutazungumza juu ya yule ambaye hakuna mlango unaomfungukia, ama kwa kuwa ni mkali, ama mwoga, ama mzee, ama kwa kuwa jina lake limekwisha kuharibika. Tutazungumza pia juu ya watu wanaojitolea, bila mshahara wala posho, ili wawe ufuko wake.

Kisa tutakachokitazama kilitokea Marekani. Tumekichagua kwa sababu huko jambo hili lilifikishwa mbele ya mahakama, na mbwa waliohusika walifuatiliwa kwa majina yao kwa miaka mingi. Kwa hiyo twaweza kuipima kazi hiyo kwa matokeo yake, si kwa maneno matamu.

NYUMBA YA VIRGINIA

Mwezi wa Aprili mwaka 2007, askari waliingia katika nyumba moja ya wilaya ya Surry, jimbo la Virginia. Nyumba hiyo ilikuwa mali ya Michael Vick, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa wa kandanda ya Kimarekani wakati huo. Nyuma yake, ndani ya miti, yalikutwa mabanda yaliyopakwa rangi nyeusi, pamoja na mbwa wapatao 50 wa aina ya pit bull, wengi wao wakiwa wamefungwa kwa minyororo mizito. Mahali hapo mbwa walikuwa wakifugwa na kufundishwa kupigana, na watu wakiweka dau la fedha juu ya vita vyao. Mbwa walioonekana kuwa hawafai kwa mapigano waliuawa, wengine kwa kunyongwa na wengine kwa kuzamishwa majini.

Vick alikiri kosa mwezi wa Agosti, na tarehe 10 Desemba 2007 alihukumiwa kifungo cha miezi 23. Mahakama ilimwamuru pia kutoa zaidi ya dola 900,000 kwa ajili ya matunzo ya mbwa waliobaki hai.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu: mbwa hao wafanywe nini? Desturi ya miaka mingi ilikuwa kwamba mbwa aliyetoka katika mapigano huuawa kesi ikimalizika, kana kwamba naye ni silaha iliyokamatwa. Hata vyama vikubwa vya kutetea wanyama, yaani Humane Society of the United States na PETA, vilishauri kwamba mbwa hao wauawe. Tusiwadhanie wenye rai hiyo kuwa watu wasio na huruma. Walijua kwamba nchi nzima imejaa mbwa wapole wasio na mwenyewe, na wengi wao huuawa kwa kukosa nafasi. Kwa nini basi nguvu na fedha zitumiwe kwa yule aliyelelewa katika kuuma? Na akimrarua mtoto wa watu kesho, nani atajibu?

KILA MMOJA KWA MIZANI YAKE

Mahakama ilichagua njia nyingine. Wataalamu wa tabia za wanyama, wakiongozwa na chama cha ASPCA, walitumwa kuwapima mbwa 49, mmoja baada ya mwingine. Walimtazama kila mbwa anavyompokea mgeni, anavyofanya anapoguswa, na anavyomwelekea mbwa mwenzake. Kisha Rebecca Huss, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Valparaiso, aliteuliwa na mahakama awe mlezi wa mbwa hao kisheria, ili ashauri kila mmoja apelekwe wapi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika mbwa hao 49, mmoja tu ndiye aliyeuawa kwa sababu ya ukali uliopita kiasi, na mwingine kwa sababu ya ugonjwa. Wote 47 waliosalia walikabidhiwa kwa vyama vya uokoaji visivyotafuta faida.

Wapimaji walikuwa wamejitayarisha kukabili wanyama wakali, lakini wengi waliowakuta walikuwa viumbe waliolala kifudifudi sakafuni, wamejibana, hawataki hata kuinua kichwa. Walezi wao waliwapa jina la utani la chapati, kwa jinsi walivyojilaza bapa chini. Ndugu msomaji, hapa pana fundisho kubwa. Mara nyingi tunachokiita ukali ni woga uliokosa njia ya kukimbilia. Mbwa aliyepigwa tangu utoto hajui kwamba mkono unaweza kuleta kitu kingine zaidi ya maumivu. Aliyekaa maisha yake yote kwenye mnyororo hajapata kuona ngazi, wala mlango wa kioo, wala kusikia mlio wa redio. Kila kitu kwake ni kigeni, na kila kigeni ni adui.

KAZI ISIYO NA MAKOFI

Mbwa 22 waliodhaniwa kuwa wagumu kuliko wenzao walipokelewa na kituo cha Best Friends, kilichopo karibu na mji mdogo wa Kanab, kusini mwa jimbo la Utah, katikati ya majabali mekundu. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1984, na hutunza mamia ya wanyama kwa wakati mmoja. Walezi waliandika maendeleo ya kila mbwa kwa alama: woga wake, imani yake kwa watu, na furaha yake ya kuishi. Hawakuridhika kusema tu kwamba mbwa fulani hajambo. Walitaka kujua kama jana alikuwa mwoga zaidi kuliko leo.

Kituo cha namna hiyo hakiwezi kuendeshwa kwa watu wa mshahara peke yao. Wako wafanyakazi wa kudumu, na wako watu wanaokuja kutoka mbali kutoa siku zao za mapumziko. Pengine msomaji anadhani kwamba kazi yao ni kumkumbatia mbwa na kumpapasa. La hasha. Kazi ya kwanza ni kufagia kinyesi, kuosha bakuli, kubadilisha maji na kufua matandiko. Kazi ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kuketi kimya.

Anayejitolea kwa mbwa mwoga huingia bandani akaketi chini, ubavu ukimwelekea mbwa, bila kumkodolea macho, maana katika lugha ya mbwa kumkazia mtu macho ni kumtisha. Huweka kipande cha nyama karibu naye, asimwite wala asimnyooshee mkono. Mbwa asipokuja, mtu huondoka, na kesho hurudi saa ile ile, akaketi pale pale. Pengine wiki ya kwanza mbwa hula baada tu ya mtu kutoka. Wiki nyingine hula huku mtu yupo. Siku moja hunusa kiatu. Asiyejua kazi hiyo ataona kwamba hakuna kilichotendeka, lakini mlezi aliyezoea atatoka bandani akiwa na furaha ya mkulima aliyeona mche wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Baadaye huja mafunzo ya kutembea kwa kamba, kupanda gari, kupita katikati ya watu, na kumvumilia mbwa mwingine njiani. Pale Kanab wageni wanaojitolea huruhusiwa hata kumchukua mbwa aliye tayari akalale nao usiku mmoja, ili azoee kitanda, taa na sauti za nyumbani. Taarifa wanayoirudisha asubuhi, kama vile kwamba hakulia, au kwamba alishtushwa na mlio wa choo, humsaidia yule atakayemchukua kwa kudumu. Na kabla ya kuruhusiwa kuondoka, mbwa wengi waliotoka Virginia walitakiwa kufaulu mtihani wa adabu wa vipengele 10 uliowekwa na chama cha American Kennel Club. Katika mtihani huo mbwa hutakiwa kukaa kwa utulivu anapopapaswa na mgeni, kuja anapoitwa, na kubaki kwa muda na mtu mwingine bila mlezi wake.

WALIKOFIKA

Sasa tuyatazame matokeo. Mbwa aliyepewa jina la Jonny Justice alikwenda kuishi California, akawa mbwa anayeketi kimya kando ya watoto wanaojifunza kusoma ili wapate kusoma kwa sauti bila haya, kwani mbwa hamcheki anayekosea. Leo alipelekwa kuwaliwaza wagonjwa wa saratani. Hector, ambaye kifua chake kilijaa makovu, naye alifunzwa kuwatembelea wagonjwa. Georgia, jike lililotumiwa kuzalisha, ambalo halikuwa na jino hata moja kinywani, lilipata nyumba baada ya kukaa Kanab kwa muda mrefu.

Lakini tusidanganyane kwamba wote walipata nyumba. Lucas, aliyekuwa bingwa wa mapigano, aliwapenda watu sana, na hata hivyo mahakama iliamuru akae kituoni maisha yake yote kwa sababu ya historia yake. Meryl naye aliwekewa amri hiyo hiyo kwa kuwa hakuwaamini wageni. Kwa mbwa kama hao, wanaojitolea ndio jamaa pekee watakaowajua. Anayetembea nao leo anajua kwamba hakuna siku atakayopiga picha ya kuwaaga wakienda kwa bwana mpya, na bado anakuja. Frodo, wa mwisho kati ya mbwa waliookolewa, alikufa mwezi wa Desemba mwaka 2021, akiwa mzee, nyumbani kwa watu waliompenda.

Ipo faida nyingine isiyoonekana haraka. Mwaka 2009 chama cha Humane Society kilibadilisha msimamo wake, kikakubali kwamba mbwa wanaokamatwa katika mapigano wapimwe mmoja mmoja kabla ya kukatiwa shauri. Hivyo mbwa 47 wa Virginia waliwafungulia njia wengine wengi ambao hawakupata kuwaona.

MASWALI YA MSOMAJI

Najua kuna msomaji atakayeuliza: binadamu hawajashiba, na wewe watuletea habari za mbwa? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kulikwepa. Jibu la kwanza ni kwamba fedha zile hazikutolewa kwa yatima wala wagonjwa. Zilitoka mfukoni mwa mkosaji, kama sehemu ya adhabu yake. Jibu la pili ni kwamba rasilimali kubwa ya kazi hii ni wakati wa mtu aliyeutoa kwa hiari, na mtu aliyejifunza kumngoja mbwa mwoga kwa miezi mitatu amejifunza subira itakayomfaa hata kwa mtoto mgumu na mgonjwa msumbufu. Jibu la tatu ni kwamba huruma isiyo na akili haifai. Yule mmoja aliyekuwa hatari mno hakupelekwa kwa mtu. Kumwokoa mbwa hakumpi mtu ruhusa ya kuhatarisha jirani.

Wala kazi ya namna hii haiko ng'ambo tu. Mjini Nairobi kipo chama cha KSPCA, kinachopokea wanyama walioteswa au kutupwa na kuwatafutia nyumba. Lakini hata mahali pasipo na chama, wengi wa mbwa tunaowaita wakorofi wametengenezwa nyumbani mwetu. Mtoto wa mbwa hufungwa mnyororo mfupi ili awe mkali, hutiliwa makombo siku tunapokumbuka, na hupigwa mawe na watoto huku wakubwa wakitazama. Akikua akamuuma mpita njia, twasema amezaliwa mbaya. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mbwa azoeshwe watu angali mdogo, apate kivuli na maji, na afunguliwe anyooshe miguu.

Na juu ya yote, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maana wema bila chanjo ni hatari. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile bila kungoja dalili, kwa sababu dalili zikishatokea, ugonjwa huo karibu daima huua. Watoto nao wafundishwe kutomsogelea mbwa wasiyemjua, kutomsumbua anapokula au kunyonyesha, na kutomrushia mawe.

Ndugu msomaji, si kila mtu anaweza kumchukua mbwa asiyetakiwa, na asiye na nafasi wala wakati asijaribu, kwani kumrudisha bandani baada ya mwezi ni kumvunja mara ya pili. Lakini kila nyumba yaweza kujizuia kuwazidisha. Mbwa aliye uani kwako leo hajapewa jina baya bado. Usiwe wewe wa kumpa.