Kiungo cha Usukani katika Motokaa ya Kale

Mtu ashikaye usukani wa motokaa hudhani kwamba mikono yake imeyashika magurudumu yenyewe. Sivyo. Kati ya mikono yake na magurudumu pana vyombo vingi vilivyofuatana, mfano wa watu wanaopokezana salamu. Mmoja wao akipokea vibaya, salamu hufika imeharibika. Katika mazungumzo ya leo twataka kukieleza chombo kimoja tu katika hivyo, nacho ni kile kiungo kidogo kinachounganisha shafti ya usukani na sanduku la usukani.

Twachukua kwa mfano motokaa ya Ford Bronco ya kwanza, iliyotengenezwa Marekani tangu 1966 hata 1977. Ilifanywa iwe fupi, tena yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ipate kupita penye matope na mawe. Siku hizi imekuwa kitu cha thamani, na wengi walio nayo huitengeneza upya. Mojawapo la mambo wanayoyafanya ni kukiondoa kiungo cha usukani cha zamani na kutia cha namna nyingine. Basi twauliza: kwa nini hufanya hivyo, na je, ni vema?

Kwanza yatupasa kujua kwa nini kiungo kimewekwa. Shafti ya usukani imeshikwa na bodi ya gari, bali sanduku la usukani limefungwa katika chesisi. Nayo bodi imekalia vipande vya mpira juu ya chesisi. Gurudumu moja likipanda jiwe, chesisi hujipinda kidogo na bodi huyumba. Kwa hiyo shafti na sanduku havikai sikuzote katika mstari mmoja. Kama vingeungwa kwa chuma kigumu kisichokubali kupinda, beringi zingeumia na usukani ungekuwa mzito. Kama vile mkono wa mtu ulivyohitaji kifundo ili kiganja kipate kugeuka, ndivyo shafti hiyo inavyohitaji kiungo.

Kiungo cha zamani ni kisahani kinene cha mpira, ambacho ndani yake mna tabaka za kitambaa kigumu. Upande mmoja kimefungwa kwa bolti mbili zitokazo kwenye shafti, na upande wa pili kwa bolti mbili zitokazo kwenye sanduku. Nguvu ya mkono hupita katikati ya mpira. Kina faida zake. Hukubali kupinda kidogo, tena humeza mtikisiko na mshindo wa barabara, usipande hata mikononi mwa dereva. Katika magari mengi kiungo cha namna hii kina vijiti vya chuma vya kuzuia: mpira ukikatika kabisa, vijiti hushika chuma cha upande wa pili, na dereva huweza kuliongoza gari, ingawa kwa shida, hata alisimamishe.

Lakini mpira haudumu kama chuma. Kiungo hiki kiko karibu na injini, nayo joto yake huukausha mpira na kuupasua. Mafuta yakiudondokea huufanya laini na kuuvimbisha. Tena mwenye gari akifunga matairi mapana kuliko yale ya kwanza, huongeza nguvu inayohitajiwa kuyageuza, na nguvu hiyo yote hupita katika kisahani kile kile. Matundu ya bolti hupanuka, tabaka huachana, na usukani huanza kucheza.

Twapenda kuonya hapa juu ya kosa moja. Usukani ukicheza, si lazima kosa liwe katika kiungo. Huenda likawa ndani ya sanduku, au katika vifundo vya mikono ya usukani, au katika beringi za magurudumu. Wako walionunua sanduku jipya kwa fedha nyingi, kumbe ubaya ulikuwa katika kisahani cha mpira. Na wako waliobadili kisahani, kumbe sanduku ndilo lililochakaa. Njia ya kutambua ni rahisi, nayo yahitaji watu wawili. Gari lisimame mahali sawa, injini imezimwa, magurudumu yakielekea mbele. Mmoja auzungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Wa pili akitazame kiungo. Upande wa juu ukitangulia kugeuka, na wa chini ukikawia, kosa ni la kiungo. Pande zote mbili zikienda pamoja, lakini mkono utokao sandukuni ukakawia, kosa ni la sanduku. Mtu asidharau kuchezacheza huko. Katika usukani wenye upana wa sentimeta 40, digrii 5 tu za kucheza ni karibu sentimeta 2 pale penye mikono. Na katika njia nyembamba ya mlimani, dereva aliyegeuza usukani bila magurudumu kumtii hana nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Kiungo kipya kinachotiwa badala ya mpira ni kile ambacho mafundi hukiita krosi. Ni chuma chenye umbo la msalaba, na ncha zake nne zimeingia katika beringi ndogo ndani ya panda mbili, panda moja kwa shafti na moja kwa sanduku. Chombo hiki si kigeni. Huitwa kwa jina la Cardano, mtaalamu wa Italia aliyekufa 1576, na kwa jina la Robert Hooke wa Uingereza aliyekufa 1703. Krosi hupinda zaidi kuliko mpira, haiogopi joto kama mpira, na ikiwa nzima haichezi. Dereva huhisi mara moja kwamba magurudumu yaujibu mkono wake.

Hata hivyo krosi ina tabia yake, na asiyeijua hujidanganya. Ikipindwa, haizunguki kwa mwendo sawa pande zote mbili. Pembe ikiwa digrii 10, tofauti haifiki sehemu 2 katika 100, wala mkono hauisikii. Lakini pembe ikifika digrii 30, upande wa pili hukawia sehemu 13 katika 100, kisha huharakisha sehemu 15, nao hufanya hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Usukani utakuwa mzito hapa na mwepesi pale. Hilo huwapata hasa wale walioinua bodi ya gari juu ya chesisi ili matairi makubwa yapate nafasi, kwa maana shafti huinuka pamoja na bodi, hali sanduku limebaki pale pale. Dawa yake ni kutia krosi mbili, na kipande cha shafti katikati. Pembe za krosi zote mbili zikiwa sawa, na panda mbili za kipande cha katikati zikielekea upande mmoja, kosa la krosi ya kwanza hufutwa na la pili.

Katika kuifunga, mambo haya yaangaliwe. Magurudumu yaelekezwe mbele, na alama itiwe kabla ya kuvua chochote. Meno ya shafti ya sanduku yahesabiwe, na unene wake upimwe, kwa sababu mengine yana meno 30 na mengine 36, na kiungo kisicholingana kisilazimishwe kwa nyundo. Skrubu ya kubana ikae katika kishimo kilichotobolewa kidogo katika shafti, kisha izuiwe kwa nati ya pili isije ikalegea. Bolti za zamani zisirudishwe. Mwisho usukani uzungushwe kutoka upande hata upande, ili ionekane kwamba hakuna kinachogusa bomba la moshi wala chesisi. Baada ya safari chache za kwanza, kila skrubu ijaribiwe tena.

Kuna jambo jingine kubwa kuliko hayo. Katika magari mengi shafti imefanywa ya vipande viwili vinavyoingiana, ili gari likigonga, shafti ijifupishe isimchome dereva kifuani. Tangu 1968 amri ya serikali ya Marekani kwa motokaa za abiria imetaka kwamba gari likigongeshwa ukutani kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, usukani usirudi nyuma zaidi ya inchi 5. Fundi anayeziba vipande hivyo kwa kulehemu, ili apate kufunga kiungo kipya kwa urahisi, amegeuza shafti kuwa mkuki.

Basi jawabu letu ni hili. Kwa gari la matairi ya kadiri, lipitalo katika barabara za kawaida, kiungo kipya cha mpira chatosha, na mikono ya dereva itapumzika. Kwa gari lililotiwa matairi mapana na kupelekwa kwenye mawe, krosi ni bora, ila mwenyewe akubali kwamba mtikisiko uliokuwa ukimezwa na mpira sasa utamfikia yeye. Wala asiseme kwamba kazi imekwisha siku ile ya kuifunga. Krosi nayo huchakaa, na kujaribu kule kwa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, hakuhitaji fedha wala chombo, bali dakika chache kabla ya safari.