Fahamu: Dakika ya kwanza ya mtoto mchanga

Tumboni, mapafu ya mtoto yamejaa majimaji. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma. Akishazaliwa, ubongo hauna subira: asipopumua, huanza kuumia. Mkunga humkausha na kumsugua mgongo. Bado kimya? Humfunika pua na mdomo kwa barakoa, kisha hubinya mfuko wa hewa, yote ndani ya dakika moja. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Haydom, Manyara, na kuchapishwa 2012, ulionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa huongeza kwa asilimia 16 hatari ya kifo au kulazwa muda mrefu. Mfuko wenyewe hauhitaji umeme. Unahitaji mkono uliozoea, na semina moja haitoshi. Kwa hiyo, mama mjamzito, uchungu ukianza, wahi kituo cha afya.